Waya mnene wa baba mdogo

Juzi nilikuwa Hombolo kwa baba mdogo, ana eka moja na ushee ya zabibu, nikamkuta kwenye mistari anahangaika na koleo. Nyaya zimelegea zote. Yani waya unatoka nguzo hii kwenda nguzo ile umebonyea katikati kama kamba ya kuanikia mablanketi, vichala vinakaribia kugusa vumbi, na shamba lenyewe halina hata miaka mitatu tangu lifungwe nyaya. Ananiambia "nilichukua mnene kabisa mwanangu, milimita nne, hata wa dukani alinisifia". Jirani yake ng'ambo ya kijia katumia wa milimita mbili na nusu, ukiushika unaweza kumcheka, lakini umekaza mpaka ukiugonga na kidole unalia kama zeze.

Hapo ndo nikaanza kuongea sana, mama mdogo akaona bora akabandike chai.

Mi naona tatizo letu ni kwamba tukifika duka la vifaa tunauliza maswali mawili tu, unene na bei, kama vile chuma chote ni ndugu wa baba mmoja. Sio. Kila chuma kina kiwango chake cha kuhimili kuvutwa kabla hakijakatika, kinapimwa kwa megapaskali, na megapaskali moja ni nyutoni moja kwa kila milimita mraba ya pale ulipoukata waya. Nyutoni kumi we chukulia kilo moja, inatosha kwa shambani. Waya laini wa kawaida uko kwenye 400 hivi, ule wanaouita wa nguvu kubwa unafika 1200 na kuendelea. Nikachukua kijiti nikamchorea baba mdogo chini: wa kwake wa milimita 4 una eneo la kama milimita mraba 12.5, mara 400, nyutoni 5,000, yani kilo kama mia tano. Wa jirani eneo ni 4.9 tu, mara 1200, karibu 5,900, kilo kama mia sita. Mwembamba kampiga mnene! Na kinachouma zaidi ni kwamba mita mia za ule mnene zina karibu kilo 10 wakati za mwembamba hazifiki hata 4, na waya unauzwa kwa kilo, kwahiyo mzee kalipia uzito ambao haumsaidii chochote.

Akanijibu vizuri tu, "lakini wangu haujakatika". Kweli kabisa, haujakatika hata mmoja, na ndo maana naona hiyo namba ya kukatika yenyewe ni ya kuringia tu. Namba ya kuuliza ni ile ya kabla yake, pale chuma kikivutwa kinaacha kurudi kilipokuwa. Chini ya hapo waya unavutika kidogo, mzigo ukitoka unarudi, juu ya hapo umeshaongezeka urefu na hautarudi hata uuombe. Waya laini unafika hapo mapema sana, mizigo ya majani na vichala na upepo wetu huu wa Dodoma wa mwezi wa nane inatosha kabisa kuusogeza kidogo kidogo, we unakaza, unalegea, unakaza tena.

Bolti ndo zimetusaidia, zimeandikwa kichwani. Ukiona 8.8, ya kwanza zidisha mara mia, 800 ndo ya kukatika, ya pili ni sehemu ya kumi ngapi inavumilia kabla ya kuharibika, nane ya kumi, yani 640. Ile ya 4.6 ni 400 na 240. Halafu mtu anafunga 4.6 kwenye kiungo cha trela la trekta kwa sababu tundu limeingia vizuri. Haya.

Ila msinielewe vibaya mkaanza kutaka kila kitu kigumu. Huo waya wa jirani hautaki mafundo, ukiukunja kwa koleo kona kali unakatikia hapo hapo, yeye anatumia vibanio. Na kwenye nondo za lenta ndo kabisa, pale unataka chuma kinachovutika, zege lionyeshe nyufa watu mtoke nje, sio kikatike kimya kimya. Ndo maana nikiona fundi anachochea moto ili akunje nondo yenye matuta matuta mwilini roho inaniuma, nyingi za siku hizi zimepata nguvu yake kwa kupoozwa na maji ghafla kiwandani zikiwa za moto, ukizichoma mpaka ziwe nyekundu umeirudisha nondo kuwa laini, na kwa macho iko vile vile. Huyo fundi ukimwambia atakwambia ana miaka ishirini kazini.

Tukanywa chai. Baba mdogo akakubali abadilishe nyaya za juu kwanza zile zinazobeba, nikamwambia ukipiga simu dukani uliza nguvu ya waya na bei ya mita mia, usiulize kilo. Akasema sawa, akapiga pale pale, akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

"Shikamoo yako nimeipokea. Ee, ule waya wa milimita nne, kilo shingapi siku hizi?"