Odo wa Deep Space Nine: mtu wa haki au askari wa kila anayetawala?

Star Trek, mfululizo wa tamthilia za Kimarekani za safari za angani, ilianza 1966 na maafisa usalama waliopita humo ni wengi, ila anayezua ubishi mpaka leo kuliko wote ni Odo wa Deep Space Nine, ile iliyooneshwa kuanzia 1993 mpaka 1999, misimu saba. Kuna wanaosema huyu ndo alikuwa mtu msafi kuliko wote pale stesheni, hali rushwa, hana ndugu, hana kabila la kulipendelea, akikukamata ujue umekosa kweli. Na kuna wanaosema hapana, huyu ni askari wa mkoloni aliyebahatika kubaki kazini utawala ulipobadilika. Hili swali limenikaa kichwani muda mrefu, na naona pande zote mbili zina hoja nzito, ila zote zinamkodolea macho Odo peke yake na kuwasahau waliomrithi pamoja na ofisi yake bila kumuuliza chochote.

Kwa ambaye hajaiangalia, kwa kifupi tu. Sayari ya Bajor ilikaliwa na Wacardassia kwa miaka 50 hivi, watu wakafanyishwa kazi za shokoa, na juu yake angani kulikuwa na stesheni ya kuchakata madini inaitwa Terok Nor, chini ya Gul Dukat. Odo sio Mbajor wala Mcardassia, ni kiumbe anayebadilika umbo, aliokotwa angani akiwa kama uji uji hivi, akalelewa maabara na mwanasayansi wa Kibajor, Dr. Mora, ambaye alimfanyia majaribio kabla hata ya kujua kwamba ni mtu mwenye akili. Baadae akaondoka maabara, akafika Terok Nor, na Dukat akampa kazi ya kuchunguza mauaji. Wacardassia walipofukuzwa, stesheni ikawa ya Bajor ikisimamiwa na Shirikisho, yaani muungano wa sayari nyingi ikiwemo Dunia, ikapewa jina la Deep Space Nine, akaja Sisko kuwa kamanda, na ofisi ya usalama akakutwa yule yule Odo, akaachwa pale pale.

Wanaomtetea huwa wanaanza na Necessary Evil ya 1993, msimu wa pili, na wana haki, maana ni moja ya episodi bora kabisa za hii tamthilia. Dukat anamtaka Odo atafute nani kamuua Mbajor mmoja mwenye duka. Angalia mazingira yalivyokuwa: kwa Dukat njia rahisi ilikuwa kuokota Wabajor wowote na kuwanyonga, mambo yakaisha. Odo akasema atafanya, ila atafuata ukweli. Katika kuchunguza anamkuta Kira, mpigania uhuru, na Kira ili ajinasue anakiri kwamba usiku ule alikuwa anahujumu mitambo. Kwa sheria za pale hujuma ni kifo. Odo anamwachia aende, kwa sababu yeye ameitwa kutafuta muuaji, sio mhujumu. Hapo ndo watetezi wanasimama imara: askari wa mkoloni wa kweli angemkabidhi saa ile ile apandishwe cheo. Alafu jamaa hakuwa anatembea na silaha, na hata Shirikisho walipokuja akashikilia msimamo kwamba Promenade, ile mitaa ya maduka, hataki kuona silaha. Wabajor wenyewe walimheshimu, na hiyo ndo hoja inayonipa shida kuipinga, kwa sababu waliopigwa mijeledi ni wao na wao ndo walisema huyu abaki.

Ila ndani ya episodi hiyo hiyo Kira anamwambia Odo kwamba ipo siku itabidi achague upande, na Odo anamjibu kuwa yeye hana upande. Watu wengi wanalipenda sana hilo jibu. Mi linanitisha. Mtu anayekaa kwenye ofisi aliyopewa na Dukat, anayeripoti kwa Dukat, na seli zake wafungwa wanatoka kwenda kunyongwa na watu wa Dukat, huyo upande anao tayari, hata kama moyoni anajiona yuko katikati. Watu wa nchi zilizotawaliwa tunalijua hili bila kufundishwa.

Na waandishi walilijua pia, ndo maana 1996 wakaandika Things Past, msimu wa tano. Sisko, Dax (afisa sayansi wa stesheni), Garak (Mcardassia fundi nguo) na Odo wanatoka Bajor kwenye mkutano kuhusu miaka ya ukoloni, na huko Odo amesifiwa sana, kwamba kati ya wenye mamlaka wote wa Terok Nor yeye ndo alikuwa wa haki. Yeye hafurahi hata kidogo, amekunja uso tu. Njiani wanazimia na kujikuta kwenye Terok Nor ya zamani, watatu kati yao wakiwa kwenye nafasi ya Wabajor watatu waliotuhumiwa kutaka kumlipua Dukat, na afisa usalama anayewahoji ni Mcardassia anaitwa Thrax. Odo anazidi kupaniki, anabishana na Thrax kwamba hawa watu hawana hatia, na Thrax anamjibu kwa lugha ya ofisi: ushahidi upo, utaratibu umefuatwa, amani ya stesheni ndo muhimu. Mwisho kabisa tunajua kwamba Thrax ni Odo mwenyewe. Ile kesi aliishika yeye. Watu watatu wasio na hatia wakauawa kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudisha utulivu na hakuchunguza kama alivyochunguza ile ya mwenye duka, na mabomu yalipoendelea kulipuka wakati wao wameshakufa ndo akajua amekosea.

Kinachouma zaidi ni mazungumzo ya mwisho. Kira, ambaye sasa ni msaidizi wa Sisko, anamuuliza kama kulikuwa na wengine. Odo hasemi hapana. Anasema hana uhakika, anatumaini hapakuwa na wengine. Afisa usalama ambaye kila siku anajua Quark, yule mwenye baa, kauza nini, kwa nani, saa ngapi, anashindwa kujua amewapeleka wangapi kunyongwa! René Auberjonois, aliyemcheza (amefariki 2019), uso wake ulifunikwa na plastiki ya mekapu kiasi kwamba hakuwa na kitu cha kuigizia zaidi ya sauti, macho na shingo, na pale sauti yake inashuka mpaka unamuonea huruma, ila huruma hiyo isitufanye tusahau kwamba jibu alilotoa ni baya mno.

Watetezi watasema angekataa kazi angewekwa Mcardassia na wangekufa mia badala ya watatu. Inawezekana kabisa, sibishi. Shida yangu na hoja hiyo ni kwamba Odo mwenyewe hakuwahi kuitumia, hakuwahi kusema nilibaki ili nipunguze madhara. Yeye alisema alikuwa anatafuta haki, na muda mwingine alikuwa anachanganya haki na utulivu. Kuna wakati chini ya Sisko analalamika kwamba enzi za Wacardassia stesheni ilikuwa salama zaidi, anataka amri ya kutotoka nje na upekuzi wa kushtukiza. Kwa nani ilikuwa salama? Wabajor walikuwa wanakufa kwenye mitambo ya madini. Na tabia zake za kazi ni zile zile, anajigeuza glasi kwenye sinia anakaa anasikiliza maongezi ya watu, na sisi watazamaji tunafurahi kwa sababu anayesikilizwa ni Quark na Quark kweli ni mhalifu, ila hatujiulizi ni meza ngapi nyingine alizosikiliza ambazo hazikuwa na uhalifu wowote.

Sasa upande wa pili una kete moja kubwa sana nayo ni Eddington. Msimu wa tatu Starfleet, jeshi la Shirikisho, wanagundua hawamwamini Odo, basi wakamletea afisa wao mwenye sare, Michael Eddington, ashike usalama wa mambo ya Starfleet, na muda mfupi baadae ikajulikana kwamba jamii ya Odo ndo hao Founders wanaotawala Dominion, adui mkubwa. Odo akaona amedharauliwa akataka hadi kujiuzulu. Na nani aliyekuja kusaliti? Eddington! Mtu wa mafunzo, wa faili safi, akaiba mitambo akakimbilia kwa waasi wa Maquis. Kwahiyo ukisema tatizo la Odo ni asili yake, tamthilia inakujibu kwamba asili haikupi uhakika wowote. Na Odo ndo wa kwanza katika jamii yake kumuua mwenzake, ili kuokoa meli ya Sisko, wakamwadhibu kwa kumnyang'anya uwezo wake. Hayo sio mambo ya mtu asiye na msimamo.

Ila ukifika mwisho wa msimu wa tano na mwanzo wa msimu wa sita yote yanarudi. Dominion na Wacardassia wanaiteka stesheni, Dukat karudi ofisini kwake, Bajor wamesaini mkataba wa kutoshambuliana, na Odo anakaa kwenye baraza la utawala pamoja na Dukat na Weyoun, mwakilishi wa Dominion. Mwanzoni ana sababu nzuri kabisa, anapigania askari wake wa Kibajor warudishwe kazini. Kiongozi mmoja wa dini, Vedek Yassim, anajinyonga hadharani pale Promenade kupinga ushirikiano huu, na Kira anazinduka, anaanza upinzani. Alafu Odo anatakiwa afanye kitu kimoja, azime alamu kwa muda ili Rom, ndugu yake Quark, aharibu mtambo. Muda ukafika, na yeye yuko chumbani na Founder wa kike wameungana, wameyeyuka kuwa kitu kimoja kama jamii yao inavyofanya. Alamu ikalia, Rom akakamatwa, akahukumiwa kifo. Kira anaenda kumkabili na jamaa kwa utulivu anamjibu kwamba hayo mambo hayamhusu tena.

Kweli anarudi. Anakuja na askari wake wa Kibajor kuwakinga Kira na Rom wasiuawe, na bila hiyo wasingemaliza kazi. Ila suluhu yake na Kira wakaifanyia wapi? Chumba cha nguo cha Dax, wakati wa sherehe, usiku kucha, na sisi hatukuoneshwa hata neno moja! Hapa nawalaumu waandishi moja kwa moja. Tamthilia iliyokuwa na ujasiri wa kuandika Things Past ikafunga mlango pale ambapo mwenye hatia alitakiwa aseme mbele yetu kwanini alifanya.

Na kuna upande wa Shirikisho ambao hausemwi vya kutosha. Section 31, kitengo chao cha siri, kilimpandikizia Odo ugonjwa bila yeye kujua ili aupeleke kwa jamii yake iteketee yote. Kwahiyo hao wanaohoji uaminifu wake walimgeuza silaha. Na bado mwisho wa vita, 1999, yeye ndo anamponya ugonjwa huo yule Founder wa kike, na vita inaisha kwa hilo, damu nyingi sana ikaokolewa. Ukinilazimisha kupima, hicho ndo kitendo kizito kuliko vyote alivyofanya, na alikifanya akiwa ameshachagua upande waziwazi.

Ndo maana mi siwezi kumuita msaliti, na siwezi kumuita mtu wa haki kwa ile miaka ya Terok Nor. Kuchukua kazi ya Dukat naweza kuelewa, alikuwa mtu aliyetoka maabara hana kwao. Nisichokubali ni ile siku Bajor na Sisko wanashika stesheni, kila kitu kinakaguliwa, mitambo, mabomba, leseni ya baa ya Quark, na ofisi iliyokuwa inapeleka watu kunyongwa inakabidhiwa kwa mkuu wake yule yule kwa sababu anajulikana ni mkweli. Hakuna aliyemwambia akae chini na mafaili, kesi moja baada ya nyingine, na familia za waliouawa zikiwepo. Hata Kira baada ya kusikia lile jibu la kutokuwa na uhakika hakuenda mbali zaidi, na alikuwa na cheo cha kumlazimisha. Things Past ilioneshwa Novemba 1996, na kufikia Oktoba 1997 Rom alikuwa seli anasubiri kunyongwa.