Acheni kuifundisha esili vipande vipande

Fungua kichupa cha aspirini iliyokaa miaka mingi penye unyevu, kisha nusa. Inanuka siki. Hakuna aliyemwagia siki humo. Ni kipande kidogo cha molekuli, kaboni mbili, oksijeni moja na hidrojeni tatu, kilichobanduka kwenye aspirini kikadakwa na maji ya hewani. Kikishikwa na asidi ya salisili tunakiita aspirini. Kikishikwa na maji tunakiita asidi ya asetiki, ile ile inayoipa siki ukali wake.

Kipande hicho ni asetili, na ukoo wake mzima nitauita esili. Kwa Kiingereza ni acyl, na kwa kanuni iliyotupa metili na etili, ilipaswa iwe "asili", lakini neno hilo lina wenyewe tangu zamani, na siku utakapolazimika kuandika "asili ya asili" utanishukuru.

Esili ni nini? Chukua asidi yoyote ya kikaboni, ing'oe OH yake. Kinachobaki ni kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili. Upande mmoja ina mkia wake (kaboni nyingine, au hidrojeni tupu ikiwa ni formili), na upande wa pili mkono wake uko wazi. Mkono huo ndio ugomvi wangu wa leo.

Mimi nilifundishwa hivi: sura ya kloridi za asidi, ikaja ya anhidridi, ikaja ya esta, kisha amidi. Kila sura na jedwali lake la mimenyuko, kila jedwali na mishale yake. Niliyakariri yote kama mtu anayekariri namba za simu za watu asiowajua. Mtihani ulipokwisha, namba zikayeyuka. Ilinichukua miaka kugundua kwamba nilikuwa nimesomeshwa mmenyuko mmoja mara nne, na hakuna aliyenidokeza. Zote nne ni esili, hutofautiana tu kwa anayeushika mkono ulio wazi: klorini katika kloridi, mabaki ya asidi nyingine (kama asetati) katika anhidridi, oksijeni ya alkoholi katika esta, nitrojeni katika amidi.

Mmenyuko wenyewe ndio huu. Oksijeni ni mchoyo. Huvuta elektroni za ile bondi mbili upande wake, kaboni ikabaki na upungufu. Ikatokea molekuli yenye jozi ya elektroni za ziada, iwe maji, alkoholi au amini (jamaa ya amonia, yenye nitrojeni), inaisogelea kaboni hiyo kutoka juu au chini, maana sehemu ile ya esili ni bapa na haina cha kuzuia njia. Kwa muda mfupi kaboni inashikana na wanne. Kisha oksijeni inataka bondi yake ya pili irudi, na ikirudi, mmoja lazima aachie. Nani?

Aachiaye ni yule anayeweza kuondoka na jozi ya elektroni bila kuhangaika nayo. Hili halihitaji kukaririwa, linapimika. Tazama pKa (kipimo cha ukali wa asidi, ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ya asidi ambayo kila mmoja huwa anapookota hidrojeni: kloridi huwa asidi ya hidrokloriki, karibu -7, asetati huwa asidi ya asetiki, 4.76, kundi la alkoholi huwa alkoholi, karibu 16, nitrojeni ya amidi huwa amini au amonia, zaidi ya 35. Hapo unayo mpangilio wote: kloridi, anhidridi, esta, amidi. Zile sura nne zimekaa kwenye mstari mmoja wa namba.

Na esili huteremka tu kwenye mstari huo. Maji hayapandi mlima. Ukiwa na kloridi ya asidi unaweza kutengeneza wengine wote. Ukiwa na amidi huendi popote bila kutumia nguvu. Kloridi ya asetili hufuka moshi ikikutana na hewa yenye unyevu, ilhali bondi ya amidi kati ya asidi amino mbili, ikiachwa kwenye maji ya kawaida bila kimeng'enya, inaweza kukaa mamia ya miaka. Ndiyo maana miili yetu imejengwa kwa ya pili. Nitrojeni si tu kwamba haiondoki, pia huikopesha kaboni elektroni zake, kwa hiyo hata ule upungufu wa kwanza unapungua. Mashine ya infraredi inaliona jambo hili bila kuambiwa: bondi ya kaboni na oksijeni hutetema karibu na mawimbi 1800 kwa sentimita kwenye kloridi, 1740 kwenye esta, na chini ya 1700 kwenye amidi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba historia yenyewe ilianza na esili, sisi tukaigeuza kichwa chini miguu juu. Mwaka 1832 mwanakemia Mjerumani Friedrich Wöhler alikuwa ametoka kufiwa na mkewe. Mwenzake Justus von Liebig akamwita Giessen wafanye kazi pamoja, na wakaanza na mafuta ya lozi chungu. Waliyageuza kuwa asidi, wakapata kloridi, bromidi, amidi, na katika mageuzi yote kulikuwa na kipande kilichopita salama: kaboni saba, hidrojeni tano, oksijeni moja. Wakakiita benzoili, na mkia wa jina hilo wakautoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mti au maada. Mwanakemia Berzelius wa Uswidi alifurahi hata akapendekeza kipande hicho kiitwe proin au orthrin, majina ya alfajiri. Baadaye wazo kwamba vipande kama hivyo havivunjiki kamwe lilianguka, na lilistahili kuanguka. Lakini walichokiona mezani ni kile kile ambacho mwanafunzi wa leo hukiona akifika mwisho wa sura ya nne, ikiwa bado yuko macho.

Rafiki yangu anayefundisha kemia alinipinga. Alisema esili si kundi tendaji (sehemu ya molekuli inayoipa tabia yake ya kikemia), ni kipande tu. Tena aldehidi na ketoni nazo zina esili, mbona hazifuati hadithi yangu? Hoja ya kwanza namwachia wanaopenda kamusi. Ya pili ni nzuri, ila inanisaidia mimi. Katika aldehidi mkono wa esili umeshikwa na hidrojeni, katika ketoni umeshikwa na kaboni, na hao wawili kwa kawaida hawawezi kuondoka na jozi ya elektroni. Basi mgeni akiingia hakuna wa kumpisha, anakaa moja kwa moja. Swali ni lile lile, jibu tu limebadilika.

Kuna sura nyingine ambayo vitabu vingi huisukuma pembeni, nayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote: thioesta, esili iliyoshikwa na salfa. Seli haiwezi kutumia kloridi, ingelipuka kwenye maji yake yenyewe. Esta ya kawaida ni nzito kidogo kuachia. Salfa iko katikati: inashika kwa subira, na ikiombwa inatoa. Fritz Lipmann aliigundua koenzimu A, molekuli inayovisaidia vimeng'enya, katika miaka ya 1940, na mwaka 1951 Feodor Lynen akaonyesha kwamba ile "asetati hai" iliyokuwa ikitafutwa ni asetili iliyoning'inia kwenye salfa ya koenzimu hiyo. Mafuta na sukari unayovunja mwilini sehemu kubwa hupitia mlango huo. Kuiweka katika tanbihi ni dharau.

Turudi kwenye aspirini. Mwanakemia Mfaransa Gerhardt aliitengeneza mwaka 1853 kwa kloridi ya asetili. Felix Hoffmann mwaka 1897 alitumia anhidridi ya asetiki. Washikaji wawili tofauti, asetili ile ile, mzigo ukafikishwa pale pale. Mwilini safari inaendelea: asetili inaruka kutoka kwenye aspirini na kushikwa na serini moja (asidi amino) ndani ya siklooksijenasi, kimeng'enya kinachohusika na maumivu na kuganda kwa damu, kikaziba. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, hazina kiini, haziwezi kutengeneza kimeng'enya kipya, kwa hiyo zinabaki hivyo hadi zinapokufa, siku 7 hadi 10.

Penisilini nayo ni esili, amidi iliyokunjwa kwenye pete ya pembe nne. Kwa kukunjwa hivyo nitrojeni hushindwa kuikopesha kaboni elektroni vizuri, na ile amidi isiyotaka kuachia inaachia. Serini ya kimeng'enya kinachojenga ukuta wa bakteria huichukua esili hiyo, kikanasa. Bakteria wengi sugu wamejibu kwa kimeng'enya kingine chenye serini, ambacho nacho huichukua esili ile ile kwa namna ile ile. Tofauti ni kwamba hiki kimeweka molekuli ya maji karibu, tayari kuipokea esili mara moja. Cha kwanza hukaa na mzigo saa nzima na zaidi, cha pili hukabidhi na kurudi kuchukua mwingine.