Tukifa, Tutaoshwa na Nani?

Ukitaka mtu wa kubishana naye dini hapa Ujiji, huendi mbali. Kwenye mabenchi ya kahawa yupo, kijiweni yupo, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ndiyo usiseme. Kwetu jambo hili lina historia. Baadhi ya wahubiri wa mwanzo wa mihadhara ya kulinganisha Biblia na Qur'ani, ile iliyotikisa nchi miaka ya 1980, walitoka hapa hapa. Watoto wetu wameurithi ulimi ule, na sasa wana simu. Kijana anakumwagia aya na sura bila kukwama, na kabla ya adhana ya Isha video yake imeshavuka ziwa mpaka Kalemie, Kongo.

Sina ugomvi na elimu. Mtu kuijua dini yake na kuweza kuieleza ni heri tupu. Ila lipo linalonitia hofu, na nalisema waziwazi: tunao wengi wa kuitetea dini, na wachache mno wanaojua kuifanya. Akifa mtu mtaani kwetu usiku wa leo, watakaoitwa kumwosha ni wale wale walioitwa mwaka jana na mwaka juzi, na wengi wao sasa wanainuka kwa kushika ukuta. Wakiondoka hao, anafuata nani?

Nimekaa na vijana waliorudi kutoka vyuoni, Dodoma na Dar es Salaam, wakaniuliza swali ambalo naona ni la haki kabisa. Wanasema: mzee, dunia ya leo ina hospitali, ina benki, ina bima, ina intaneti inayojibu kila kitu, ibada zote hizi zinatuongezea nini? Kawaida wanajibiwa kwa hoja. Wanaambiwa habari za uumbaji, za miujiza, za sayansi iliyotajwa kabla ya wanasayansi. Wanaondoka wakiwa wameshindwa au wameshinda, na swali linabaki pale pale. Mimi nadhani jibu lake liko nyuma ya pazia la khanga, uani kwa mfiwa.

Fiqhi yetu, yaani elimu ya sheria za dini, ina kitu kinaitwa fardhi kifaya. Swala tano ni juu ya kila mtu na nafsi yake. Hakuna wa kukusalia. Lakini kumwosha maiti, kumkafini (yaani kumvisha sanda), kumsalia na kumzika ni wajibu wa jamii nzima. Wakitokea wa kutosha wakaifanya kazi hiyo, wote waliobaki wamesalimika. Asipotokea hata mmoja, wote wana dhambi: imamu, tajiri, mvuvi, mwalimu, na yule bingwa wa mihadhara. Hebu tulitafakari hilo kidogo. Katika zama ambazo tunaambiwa dini ni siri ya moyo wa mtu, hapa kuna sheria inayosema mtaa mzima unaweza kuingia hatiani kwa sababu ya mpangaji mmoja aliyekufa chumbani bila ndugu.

Na wapangaji wa namna hiyo tunao. Kigoma ni mji wa bandari na mwisho wa reli. Watu wanashuka kwa treni, wanashuka kwa boti kutoka Kongo na Burundi, watumishi wanahamishiwa huku kutoka mikoa mingine, wakiwa hawana hata jirani wa kuwaunganisha na kwao. Mwaka uliopita nilishiriki kumwosha mmoja wa watu hao, fundi cherehani aliyekuwa amepanga nyuma ya soko. Ndugu zake walikuwa mbali na hawakuweza kufika.

Niruhusuni nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wengi hawajawahi kuona. Maiti amelazwa juu ya kitanda cha kuoshea, amefunikwa shuka kuanzia kitovuni mpaka magotini, na shuka hiyo haiondolewi. Mkono wa mwoshaji unapita chini yake ukiwa umevishwa kitambaa. Maji yamechanganywa na majani ya mkunazi. Tumbo linakandamizwa polepole ili kilichobaki kitoke, mtu anasafishwa, anatawadhishwa kama anavyotawadhishwa anayekwenda kuswali, kisha anaoshwa upande wa kulia, halafu wa kushoto, mara tatu, au tano ikibidi. Maji ya mwisho yana karafuu maiti. Alikuwepo kijana mmoja ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza, amekabidhiwa kazi ya kushika kichwa. Mikono ilimtetemeka. Mzee aliyekuwa anaongoza hakumpa hotuba. Alimwambia tu, "Kishike vizuri, mwanangu, usikiache kining'inie. Anaumia." Kijana akakishika. Kuanzia hapo hakutetemeka tena. Tulipofika kwenye kumkafini, nguo tatu nyeupe, pamba, manukato, yeye ndiye aliyekuwa anauliza mwenyewe, hii inakunjwa kulia kwanza au kushoto?

Anaumia. Daktari atakwambia maiti hasikii maumivu, na yule mzee anajua hivyo. Lakini neno lile lilimfundisha kijana namna ya kumgusa binadamu mwenzake asiyeweza kulalamika, asiyeweza kulipa, asiyeweza hata kushukuru. Sijasikia mhadhara uliofundisha hilo kwa muda mfupi namna ile. Ninaposema ibada ina maana katika maisha ya leo, ninazungumzia hiki: inaupa mwili kazi ya huruma kabla moyo haujapata visingizio.

Historia ya hapa kwetu inaniunga mkono. Uislamu ulifika Ujiji na misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19, na kwa muda mrefu ulibaki hasa dini ya wafanyabiashara na watu wao. Ulipowafikia watu wa kawaida wa bara kwa wingi, mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na tarika, yaani jumuiya za Kisufi, na Ujiji na Tabora tarika ya Kadiria ndiyo iliyoshika mizizi. Walioingia wengi hawakujua kusoma. Miongoni mwao walikuwamo Wamanyema, watu wa mashariki ya Kongo, waliovushwa ziwa kama wapagazi na watumwa, waliokatwa na koo zao, wasio na kaburi la babu la kuonyesha. Hawakushindwa kwa hoja. Walipewa zikiri, kumtaja Mungu kwa pumzi moja na watu wengine, mkono begani kwa mwenzako, mguu mbele, mguu nyuma. Walipewa safu ya swala ambayo aliyekuwa mtumwa anaweza kusimama bega kwa bega na aliyekuwa bwana, wakati sheria yenyewe ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja 1922. Na naamini kabisa walipewa kitu kingine kikubwa kuliko vyote kwa mtu asiye na ukoo: uhakika kwamba siku akifa ataoshwa, atasaliwa, atabebwa na kushushwa kaburini kwa mikono ya watu wanaomwita ndugu.

Wenzetu Wakristo wanalijua hili kwa njia yao. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji Januari 1879, lakini kinachoushika Ukatoliki wa mitaa ya Kigoma leo, kwa ninavyouona kama jirani, ni zile jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi na kitu zinazosali pamoja kila wiki kwa zamu, leo kwa mama huyu, wiki ijayo kwa yule. Akiugua mtu, jumuiya inajua kabla ya paroko. Tumezika pamoja mara nyingi. Kwenye kuchimba kaburi hakuna anayeulizwa dini, jembe linapokezanwa tu, na mwanandani wa kaburi la Muislamu, ile nafasi ya kumlaza maiti, nimeuona ukichongwa na Muha Mkatoliki kutoka Kasulu kwa ustadi ambao wengi wetu hatuna.

Najua nitakachojibiwa kwanza: muda hakuna. Mwajiriwa hana ruhusa. Hili lina ukweli, tena sheria yenyewe inaonyesha ukweli huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi walau siku 4 za likizo yenye malipo kwa kufiwa na mzazi, mwenza, mtoto, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Nashukuru kwa siku hizo. Lakini angalia nani hayumo katika orodha: jirani hayumo. Mbele ya ofisi, fundi cherehani wa nyuma ya soko hakuwa mtu wangu. Mbele ya fardhi kifaya alikuwa mtu wangu kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi nilikuwa karibu. Ninaona pengo hapo ambalo serikali hailizibi na wala sidhani inaweza, na bima nayo hailizibi; bima italipa jeneza, haitashika kichwa.

Na kusema kweli, si kila mtu hana muda. Vijana wengi wa huku wanaishi kwa kazi ya ziwani, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za sola, lakini mwezi ukijaa taa yoyote inashindwa, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi ya Kibirizi na Katonga inapumzika. Siku hizo ndizo zilezile za katikati ya mwezi ambazo Mtume alisunisha kufunga, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo. Kalenda ya dini na kalenda ya kazi zinakutana kwenye mwezi uleule juu ya ziwa. Vijana hao wapo nyumbani usiku mwangavu, wana nguvu, wana mikono iliyozoea kamba na maji. Hakuna aliyewaita kuwafundisha.

Jibu la pili nitakalopewa ni la gharama, na hapa nasimama upande wa wanaolalamika. Misiba yetu imekuwa mizigo. Mjane hajamaliza kulia anaulizwa mchele umebaki kilo ngapi. Khitma, siku ya tatu, arobaini, kila moja na sufuria zake, na wanawake wa mtaa wanapika na kuosha vyombo mpaka mgongo unakataa, huku wanaume tumekaa turubaini tunazungumzia mpira. Jaafar bin Abi Talib alipouawa, Mtume aliagiza watu wawapikie watu wa Jaafar, kwa kuwa lilikuwa limewafika la kuwashughulisha. Sisi tumegeuza: waliofikwa ndio wanaotupikia. Hiyo naomba tuipunguze, na yeyote atakayeipunguza nitamuunga mkono hata akisemwa. Lakini tukipunguza, tuanzie kwenye pilau. Tusianzie kwenye kuosha, kubeba na kufukia. Naona tunafanya kinyume: pilau inaongezeka na wabebaji wanapungua, mpaka siku hizi maiti anapakiwa kwenye gari hata makaburi yakiwa mwendo wa kutembea. Zamani jeneza lilipita begani kwa watu wote wa njiani. Wa mbele anarudi nyuma, wa nyuma anasogea mbele, na asiyemjua marehemu anaingiza bega lake hatua chache kisha anaendelea na safari zake.

Rambirambi za simu nazo zina mahali pake. Aliye Mwanza au Muscat atume, na Mungu amlipe. Ninayemzungumzia ni yule aliye nyumba ya tatu, anayetuma elfu tano na alama ya mikono miwili iliyofumbatwa, kisha anarudi kwenye mjadala wa kundi kuhusu mwezi umeandama au haujaandama.

Kuna kijana mmoja aliniambia kwa unyoofu kwamba yeye imani yake imelegea na anaona ni unafiki kushiriki. Nilimjibu njoo. Njoo na shaka yako, tuna uhaba wa mabega. Safu ya swala ya jeneza haina rukuu wala sijda, ni kusimama tu, takbira nne na dua, na hakuna anayezunguka kukagua nia za watu. Sisemi imani haina maana, mimi ninaiamini kila herufi ya dua ile. Nasema kwamba kwa wengi wetu imani ilikuja baadaye, baada ya miaka ya kusindikiza, kuchota maji, kurusha konzi tatu za udongo tukisema humo tumekuumbeni na humo tutakurudisheni. Anayesubiri ayakinishe kwanza ndipo aje, atasubiri huku watu wanazikwa.

Ninachotaka kifanyike kwetu ni kidogo, na kinawezekana kabla ya Ramadhani ijayo. Madrasa zifundishe kuosha na kukafini kwa vitendo, mtoto wa miaka kumi na tano akunje sanda kwa mikono yake, wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana. Msikiti ubandike orodha ya zamu ukutani, yenye majina mapya kando ya majina ya wazee. Na tuanze na upande wa wanawake, kwa sababu huko ndiko hali ni mbaya zaidi. Mwanamke huoshwa na wanawake wenzake au mume wake, sanda yake ni nguo tano, na kazi yake ina mengi zaidi, hata nywele kusukwa mafundo matatu. Katika mtaa wetu bibi wanaoijua kazi hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho wamebaki wawili, na mmoja wao macho yameshaanza kumkataa. Nimeshazungumza naye. Yuko tayari kufundisha hata kesho asubuhi, mradi apatikane wa kumsikiliza.