Intaneti ya kupima

Naanzia kwenye msiba kwa sababu ndo ulionishtua. Baba mdogo alifariki Korogwe, taarifa ikawekwa kwenye grupu la ukoo saa nne usiku, na mimi huku Tabata nilikuwa onlaini mpaka saa nane, macho mekundu, naangalia video za mtu anaosha mazulia machafu, sijui hata ni nchi gani. Lile grupu nilishalizima sauti zamani kwa sababu ya yale maua ya asubuhi njema na jumbe za "tuma kwa watu kumi". Kesho yake saa sita mchana binamu ananipigia, we mbona basi la familia limeondoka hujaonekana. Nilifika jioni wameshazika. Shangazi wala hakunifokea, alisema tu, "Mwanangu tulikuona upo hewani mpaka usiku wa manane, tukajua umeshaona."

Mpaka leo sina jibu la kumpa.

Sasa watu ukiwaambia wewe ni teja wa simu wanacheka, alafu wanakupa ushauri wa bure, jikaze, weka kikomo kwenye simu, futa hizo programu. Nimefanya vyote. Instagram nimeifuta labda mara sita na kuirudisha mara saba kama ingewezekana, na kile kikomo kikifika kinakuletea kitufe cha "niongezee dakika kumi na tano" yaani ni sawa na mlinzi anayekuuliza wewe mwenyewe mwizi kama afungue geti.

Mimi nilichokuja kugundua ni kwamba tatizo langu halikuwa moyo mdogo, tatizo ni kwamba kitu chenyewe hakina mwisho tena. Wale wa enzi za intaneti kafe mtakumbuka, unalipia nusu saa, pembeni ya skrini kuna saa inahesabu kurudi chini, dakika zikiisha mashine inajifunga hata kama barua pepe umeiandika nusu, unatoka nje unakunywa juisi ya miwa maisha yanaendelea. Na kurasa zenyewe zilikuwa na mwisho, unafika chini unabonyeza "ukurasa unaofuata". Mwaka 2006 Mmarekani mmoja anaitwa Aza Raskin akabuni ile ya kushusha kidole na vitu vinaendelea kuja vyenyewe bila kikomo, mwenyewe alikuja kujuta hadharani, ila ndo ilishaingia kila mahali. Ukichanganya na kwamba hujui kinachofuata ni upuuzi au ni kitu kitamu, hapo huna tofauti na yule anayelishia sarafu dubwi, ile mashine ya kamari pale kijiweni, si kwamba anashinda, ni kwamba huenda inayofuata ikatoka.

Lakini hata hivyo sisi huku tulikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa ni ubahili wetu. Bando. Mkongo wa intaneti wa baharini wa Seacom ulifika Dar 2009, intaneti ikaanza kushuka bei taratibu lakini bado tulikuwa tunanunua kidogo kidogo, la siku, la wiki, likiisha limeisha, unaweka simu kwenye chaji unalala. Mimi nilivunja hiyo kinga kwa mikono yangu 2022 nilipofunga waifai nyumbani, unalipa kwa mwezi unatumia utakavyo. Nilijiona nimetoka kimaisha. Ilikuwa kama mtu aliyezoea kununua mafuta ya kula ya kupima halafu siku moja ukamwekea pipa zima jikoni, kila siku ni kukaanga tu.

Kilichonionyesha wazi ni ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu kule pwani ya Afrika Kusini, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na majirani wengine. Siku ya kwanza nilipata arosto haki ya Mungu, naizima ruta naiwasha, naizima naiwasha, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Siku ya pili nikajikuta barazani kwa jirani nacheza drafti ya vifuniko vya soda na mzee ambaye nimepanga naye ukuta mmoja miaka minne na nilikuwa namjua kwa kumsalimia tu. Alinifunga vibaya. Intaneti ilivyorudi nikarudi ndani, sikuaga hata vizuri.

Kwa hiyo baada ya msiba sikujaribu kuacha. Nilirudi kwenye kupima. Pale hospitali ya Muhimbili tangu 2011 wanaotoka kwenye heroini wanapewa methadone, dawa ya kuwasaidia kuacha, kikombe cha siku, unakunywa mbele ya nesi, kesho unarudi, kwa kawaida hawakukabidhi chupa uende nayo nyumbani ukajikaze (sifananishi mateso yao na video zangu za mazulia, nachukua ile akili tu). Waifai nikaikata. Nanunua bando la siku, dogo, asubuhi, nikishamaliza ndo basi. Na usiku simu kubwa inalala sebuleni, chumbani naingia na kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe.

Hiki kiswaswadu watu wanakidharau lakini jaribu uone, ukikaa ukahesabu mambo ambayo ni ya lazima kweli hapa kwetu, kupigiwa simu ya msiba, kutuma hela, kununua umeme, yote yanaenda kwa nyota na reli bila intaneti hata kidogo. Wenzetu wa Ulaya wakitoka mtandaoni naona wanahangaika, benki iko humo tiketi iko humo. Sisi hela zetu zilizoea kitochi tangu mwanzo, hiyo ni bahati na hatuitumii.

Sisemi imekuwa laini. Wiki ya pili nilikopa salio saa saba usiku ili nimalize ubishi wa Simba na Yanga na mtu nisiyemjua, na nilishindwa ubishi wenyewe. Pia jihadharini na yale mabando ya usiku ya bei chee, ule ni mtego, wanakuuzia usingizi wako mwenyewe. Na mama watoto yeye hayumo kwenye huu mpango, anauza mashuka kupitia stetasi za WhatsApp, bando lake ni mtaji, siku nilipojaribu kumhubiria aliniuliza hiyo ada ya shule nitailipa kwa drafti. Nikanyamaza.

Shangazi sasa hivi akitaka kunipata anapiga. Mazungumzo yake ni marefu, anaanzia kwenye mahindi anamalizia kwenye goti, juzi tumekaa dakika arobaini na nikagundua sijamuuliza habari za baba mdogo aliugua nini hasa, nikamuuliza, akanisimulia.

Ruta ipo juu ya kabati. Mama watoto ameizungushia maua ya plastiki.