Mgonjwa Asiyelia Naye Anaumia

Katika wodi nyingi, dawa ya maumivu humfikia kwanza anayepiga kelele. Aliyenyamaza huhesabiwa kuwa ana nafuu. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, na nasema wazi kuwa mazoea haya ni ya kikatili, hata kama hakuna aliyeyakusudia.

Angalia tunavyopita asubuhi. "Shikamoo mzee, umeamkaje?" "Marahaba, salama tu, namshukuru Mungu." Tunaandika anaendelea vizuri, tunasogea kitanda kinachofuata. Mzee mwenyewe ni mvuvi wa Ukerewe aliyevunjika paja, na tangu utotoni ameambiwa mwanaume hujikaza. Ameitikia salamu kama mtu mwenye adabu. Habari ya mguu hajaulizwa. Mtazame vizuri: ngumi amezikunja, jasho linamtoka usoni na asubuhi bado ina baridi, anahema juu juu, uji umepoa kando yake kwa sababu kujinyanyua kuufikia ni mtihani. Sasa muulize: "Ukigeuka panauma? Ukikohoa je? Usiku ulipata usingizi?" Utasikia habari nyingine kabisa. Na mgonjwa anayeogopa kukohoa na kugeuka ndiye anayekuja kupata nimonia na vidonda vya mgongoni, akakaa wodini majuma huku nyumbani wanauza mbuzi.

Muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, alishalisema hili mwaka 1968: maumivu ni yale anayoyaeleza mwenye kuumwa, na yapo wakati wowote anaposema yapo. Kazi yetu ni kuuliza na kuamini.

Kuuliza kwenyewe si kugumu. Wengi wataelewa ukiwaambia wataje namba, 0 hadi 10. Bibi wa Magu anayezungumza Kisukuma tu, mwombe atumie mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni makali kupita yote. Aonyeshe mwenyewe, maana mwanawe anayemtafsiria mara nyingi hupunguza makali ili mama yake asionekane msumbufu. Mtoto ambaye bado hajui kujieleza, tazama uso, miguu, anavyojinyonganyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja kina alama 0 hadi 2.

Wanaonigusa zaidi ni vijana wenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na Kanda ya Ziwa tunao wengi. Kijana anafika mapokezi mifupa inamuuma, anataja dawa iliyomsaidia safari iliyopita na dozi yake. Badala ya kumshukuru kwa taarifa hiyo, watu wananong'ona kwamba amezoea sindano! Huyu ameishi na ugonjwa tangu utotoni. Amejifunza hata kuchezea simu huku anaumia, kwa hiyo sura yake haitakuambia kitu. Mwongozo wa Uingereza unataka apate dawa ndani ya dakika 30 tangu afike. Wa madaktari wa damu wa Marekani, ndani ya saa moja. Sisi tunamwambia akae kwenye benchi, faili linatafutwa.

Halafu kuna hofu ya morfini, dawa kali ya maumivu. Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani linafundisha kuwa maumivu ya saratani yatibiwe kwa dawa ya kunywa, tena kwa saa zake, bila kusubiri mgonjwa aombe. Morfini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4. Inafunga choo, basi apewe na dawa ya kulainisha. Ikizidi inaleta usingizi mzito na kupunguza upumuaji, basi tuanze na dozi ndogo na tumwangalie. Hizo ni kazi za uuguzi tunazoziweza, wala si sababu ya kumwacha mama wa watu agugumie usiku kucha.

Najua wodi zinavyojaa, na najua zamu ya usiku ya muuguzi mmoja ilivyo. Lakini swali la maumivu linachukua muda mfupi kuliko kupima presha. Ninachotaka ni safu moja ya maumivu kwenye karatasi ya vipimo, kando ya joto na mapigo, ijazwe kabla ya dawa na ijazwe tena baadaye: nusu saa hivi baada ya sindano, saa moja baada ya dawa ya kunywa. Bila namba hiyo ya pili hatujui kama tumemsaidia. Na wakati wa kupokezana zamu tuambiane hivi: kitanda cha nne, morfini saa mbili usiku, saa tatu alionyesha vidole viwili, dozi nyingine saa sita.