Mke akikimbia Arusha akafika kwao Moshi, kesi yake iko wapi?

Kuna swali ambalo nyumbani huachiwa mawakili: mwanamke aliyepigwa na mumewe aende mahakama ya wapi? Ya kule alikopigwa, ya kule anakoishi mume, au ya pale alipokimbilia? Kwetu ni Kibosho, Moshi, ila kwa sasa ninaishi Minnesota, Marekani, na kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili mahakamani. Swali hili nalisikia mara kwa mara, na nimeona kwamba jibu lake ndilo linaloamua kama mtu atalala salama au atarudishwa kwenye mlango uleule alioutoka mbio.

Ya watu niliowatafsiria siwezi kuyasimulia, kiapo cha kazi kinanizuia. Lakini sheria si siri. Sheria ya Minnesota ya mwaka 1979 inasema kwamba anayeomba amri ya ulinzi anaweza kupeleka ombi lake kwenye kaunti anakoishi yeye, au anakoishi anayemlalamikia, au pale kipigo kilipotokea, au pale ambapo tayari kuna shauri la familia linalowahusu. Anayechagua ni yeye. Halafu sheria inatamka waziwazi kwamba hakuna sharti la ukaazi. Aliyeshuka basi jana usiku akitokea jimbo jingine, hana hata pa kufikia, anapokelewa leo. Ada hatozwi. Hakimu anaweza kutoa amri ya awali kwa maelezo ya kiapo kabla mume hajaitwa, kisha mume naye anapewa siku yake ya kusikilizwa. Akiivunja amri hiyo, polisi wanamkamata bila kusubiri hati.

Na amri hiyo inasafiri. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, amri ya ulinzi iliyotolewa jimbo moja inatakiwa kutekelezwa na polisi wa majimbo yote, hata kama haijasajiliwa upya huko, mradi mume alipewa taarifa na nafasi ya kujitetea. Jirani zetu wa Iowa walikwenda mbali zaidi. Mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2001 kwamba hakimu anaweza kumlinda mke aliyekimbilia jimboni hata kama mahakama hiyo haina mamlaka juu ya mume anayeishi kwingine. Hoja yao ilikuwa kwamba amri ya kumwacha mtu kwa amani inahusu hali ya yule anayelindwa, na yeye yuko pale mbele yao.

Sasa nirudi kwetu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliolewa Arusha. Alipokimbia aliwabeba watoto na kibegi, akapanda gari ya Moshi, akashukia stendi na kwenda moja kwa moja kwa mama yake. Kesho yake alikwenda polisi. Dawati la Jinsia na Watoto walimpokea vizuri kabisa, nawashukuru mpaka leo: walimwandikia maelezo, wakampa PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, akatibiwa. Kisha wakamweleza ukweli ulivyo. Kosa limetendeka Arusha, kwa hiyo jalada litakwenda Arusha, na kesi itasikilizwa Arusha, maana kwa kawaida kosa la jinai husikilizwa na mahakama yenye mamlaka katika eneo lilikotendeka. Kila tarehe ya kesi angepanda gari kuutafuta mji uleule alioukimbia, apite stendi ileile, akutane kwenye korido na mashemeji.

Akauliza kama kuna njia ya madai. Huko nako kanuni inasema shauri hufunguliwa anakoishi au anakofanyia kazi mdaiwa, au pale chanzo cha shauri kilipotokea. Kwake vyote viwili vilikuwa Arusha. Kanuni hiyo ina busara yake kwa mtu anayedai deni la ng'ombe: si haki kumburuta mdaiwa mkoa wa mbali kujibu madai ya kusingiziwa. Lakini anayedai ng'ombe hakimbii ili anusurike. Ukiichukua kanuni iliyotungwa kumlinda mdaiwa asisumbuliwe, ukaiweka juu ya mke aliyepigwa, umemkabidhi mume faida ya uwanja wa nyumbani.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui, na naomba lisomwe taratibu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 si mbaya. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nchi ngapi zilikuwa zimeandika hivyo wakati ule? Kifungu cha 76 kinazipa mahakama zote, kuanzia ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi hadi Mahakama Kuu, mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Kifungu cha 139 hata kinampa hakimu uwezo wa kumwamuru mtu aache kumlazimisha mwenzi wake kuwa naye na aache kumbughudhi. Zuio lipo, basi. Ila limefungwa ndani ya shauri la ndoa: linapatikana shauri likiwa linaendelea, au baada ya amri ya kubatilisha ndoa, kutengana au talaka. Na huwezi kufungua shauri la talaka kabla ya kupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa kifungu cha 101.

Dada yangu hakutaka talaka. Alitaka asipigwe. Kwa mtu kama yeye, hakuna mlango ulioandikwa jina lake.

Alipoulizia baraza akaambiwa aanzie la kata anakoishi mume. Wajumbe walikuwa majirani wa mume, watu anaokunywa nao na kusali nao. Sisemi walikuwa wabaya. Nasema mke alikaa mbele ya watu wasiomjua akieleza mambo ya chumbani, na mwenzake alikaa mbele ya watu wake.

Wakati huohuo mume akapanda Kibosho na wazee wake, mkononi ana isale, jani la kuombea msamaha. Kila Mchaga anajua uzito wa jani hilo. Ukiletewa isale, kukataa msamaha si jambo dogo, ukoo mzima unakutazama. Wazee wakakaa, yakazungumzwa, dada akarudi Arusha. Naiheshimu isale. Imezima magomvi ya vihamba, yale mashamba ya ukoo, ambayo mahakama zingeyavuta miaka na miaka. Lakini isale inafunga maneno kati ya koo mbili mchana, wazee wakiwapo. Haimzuii mtu kuingia nyumbani saa nane za usiku, na akirudia, hakuna wa kumpigia simu akaja kumkamata kwa kuivunja.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshalisikia kwa shemeji na kwa baba wadogo: hayo ni mambo ya Wazungu, huko ndoa hazina thamani. Basi tuwaache Wazungu. Afrika Kusini ina Sheria ya Ukatili wa Nyumbani tangu mwaka 1998, na kifungu chake cha 12 kinasema mahakama yenye mamlaka ni pamoja na ile ya mahali anapoishi mlalamikaji, iwe kwa kudumu au kwa muda tu. Hilo neno “kwa muda” linamhusu mwanamke aliyelala kwa mama yake jana. Kifungu hichohicho kinasema amri ina nguvu nchi nzima. Uganda ina sheria yake tangu 2010, na Kenya tangu 2015. Kutoka Moshi hadi Holili mpakani si safari ya kubeba chakula. Ukivuka hapo ukaingia Taveta, uko kwenye nchi yenye amri ya ulinzi ambayo mke anaweza kuiomba bila kuomba talaka. Sisi Bara bado hatuna sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani. Tuna Kanuni ya Adhabu, ambayo inasubiri kosa litendeke kwanza.

Wala msidhani huku nilipo kila kitu kimenyooka. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani ilimwambia mama wa Colorado, ambaye watoto wake watatu wa kike waliuawa na baba yao huku ana amri ya ulinzi mkononi, kwamba Katiba haimpi haki ya kudai polisi waitekeleze. Amri alikuwa nayo. Polisi aliwapigia. Nilipoisoma hukumu ile sikulala. Na kwa wenyeji wa asili wa Marekani, wenye ardhi na mahakama zao, ambao hapa Minnesota tunaishi nao, suala la mamlaka lilikuwa baya kuliko letu: uamuzi wa mwaka 1978 uliziondolea mahakama zao uwezo wa kumhukumu kwa jinai mtu asiye wa asili, hata akimpiga mke wake ndani ya ardhi yao. Sheria ya mwaka 2013 ndiyo iliyoanza kuwarudishia uwezo huo katika kesi za ukatili wa nyumbani. Kwa miaka yote hiyo katikati, mahakama iliyokuwa karibu haikuwa na mamlaka, na zenye mamlaka zilikuwa mbali.

Kuna vitu tulivyo navyo ambavyo huku ningevililia. Mahakama ya Mwanzo iko karibu na watu, inaendeshwa kwa Kiswahili, na mama wa sokoni anasimama mwenyewe akaeleza shida yake. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mtu asiyewahi kumtafsiria mama anayelia, maneno yake yakipita kwenye kinywa cha mgeni kabla ya kumfikia hakimu, hajui hiyo ni zawadi ya namna gani. Huku pia mke anaweza kuishi miaka kwenye fleti bila jirani kujua jina lake. Nyumbani shangazi angekuwa ameshabisha hodi.

Kwa wenzangu wa ughaibuni, jambo moja kuhusu watoto. Sheria ya malezi iliyopitishwa na karibu majimbo yote ya Marekani huangalia mtoto ameishi wapi miezi sita iliyotangulia, na kwa hesabu hiyo nchi ya kigeni huchukuliwa kama jimbo. Mtoto aliyelelewa Moshi kwa muda huo, hakimu wa Minnesota ataiona Tanzania kuwa ndiyo nyumbani kwake kisheria. Lakini mtoto au mzazi akiwa katika hatari ya kipigo, mahakama ya pale walipo inaweza kushika mamlaka ya dharura. Mjue hilo kabla hamjashauriwa na watu wa vikundi vya simu.

Ninachokitaka kwa wabunge wetu wa Arusha na Kilimanjaro ni kifupi. Watutungie sheria ya amri ya ulinzi isiyofungwa kwenye talaka wala kupitia baraza, inayoombwa kwenye mahakama yoyote ya Mwanzo mahali mlalamikaji alipo, hata kama kafika jana, na inayotekelezwa na polisi wa Sanya Juu, Kilimanjaro, sawasawa na wa Ngaramtoni, Arusha. Majengo tunayo. Arusha kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki tangu 2021, Mahakama Kuu iko Arusha na iko Moshi. Kilichobaki ni kuandika.

Mwenye dada anayekimbia leo asisubiri hiyo sheria. Ampeleke kituo cha polisi kilicho karibu, aulize Dawati, adai PF3, atunze nakala ya kila karatasi. Atafute wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hawatozi. Na kama anataka talaka lakini kukaa mbele ya baraza la kata ya mume ni hatari kwake, amwambie msaidizi huyo amsomee kifungu cha 101 mpaka mwisho: kinataja mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya baraza lisiwezekane. Atakayepima kama ya kwake ni hayo ni hakimu, siyo mwenyekiti wa kikao wala shemeji.