Mapitio ya mpango wa parokia yaanzie kwenye maamuzi, si kwenye dodoso

Tarehe 7 Machi 2013, wakazi wa parokia 17 za bonde la juu la mto Eden, katika kaunti ya Cumbria kaskazini mwa Uingereza, walipiga kura ya maoni ya kwanza nchini humo kuhusu mpango wa maendeleo ulioandaliwa na wenyeji wenyewe. Waliojitokeza walikuwa takriban theluthi moja ya waliojiandikisha, na tisa katika kila kumi kati yao waliukubali. Mwezi uliofuata halmashauri ya wilaya ya Eden iliupitisha rasmi, na tangu hapo ukawa miongoni mwa nyaraka zinazoongoza utoaji wa vibali vya ujenzi katika eneo hilo. Kura ile imesimuliwa sana, nami sina haja ya kuisimulia tena. Kinachonishughulisha ni yale yanayoupata mpango wa namna hii baada ya shangwe kwisha, kwa sababu miaka kumi tu baadaye, Aprili 2023, halmashauri yenyewe iliyoupitisha ilivunjwa na eneo lake likawekwa chini ya mamlaka mpya ya Westmorland and Furness.

Parokia ninayoizungumzia ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa vijijini, iliyotenganishwa na shughuli za kanisa kwa sheria ya mwaka 1894. Madiwani wake hawalipwi mshahara, na karani wake mara nyingi huajiriwa kwa saa chache tu kwa wiki. Sheria ya mwaka 2011 ndiyo iliyolipatia baraza la parokia uwezo wa kuandaa mpango wenye nguvu kisheria, na njia yenyewe ni ndefu: eneo la mpango huidhinishwa kwanza, kisha kikundi cha wakazi hukusanya takwimu na maoni, rasimu hutangazwa kwa muda usiopungua wiki sita, hupelekwa wilayani, hutangazwa tena kwa wiki sita, ndipo ifike kwa mkaguzi huru. Mkaguzi huyo haulizi kama mpango ni mzuri au umeandikwa kwa ufasaha. Anachopima ni masharti ya msingi, kama vile kuzingatia sera za taifa, kuoana kwa jumla na sera kuu za mpango wa wilaya, na kuchangia maendeleo endelevu. Hatimaye hupigwa kura, na wingi wa kawaida unatosha, hata wakijitokeza wachache. Msomaji aliyezoea mkutano mkuu wa kijiji nchini Tanzania, ambamo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe, huenda akaona mambo yamezungushwa kupita kiasi. Hata hivyo, mzunguko huo ndio unaomlazimisha ofisa mipango wa wilaya kuuzingatia mpango anapoandika uamuzi wake, apende asipende.

Faida mojawapo ni ya fedha. Pale ambapo wilaya inatoza ushuru wa miundombinu kwa majengo mapya, parokia yenye mpango hupata asilimia 25 ya makusanyo ya eneo lake, ilhali isiyo na mpango hupata asilimia 15, tena kwa kikomo. Faida iliyo kubwa zaidi ni ile ya kisheria: maombi ya ujenzi hutakiwa kuamuliwa kwa kufuata mpango, isipokuwa pawepo sababu nzito za kwenda kinyume. Hapo ndipo maneno yanapopimwa. Sera inayosema kwamba “ujenzi uendane na sura ya kijiji” inaweza kunukuliwa na anayekubali ombi na anayelikataa, kwa utulivu uleule. Watu wa bonde la Eden walijitahidi kugusa mambo yanayoshikika, yakiwemo nyumba katika mashamba, makazi ya wazee, nyumba za bei nafuu kwa wenye uhusiano na eneo, na intaneti ya kasi.

Hata mpango ulioandikwa vizuri, hata hivyo, huzeeka. Hakuna sheria inayoilazimisha parokia kuupitia upya, na wengi huchukulia ukimya huo kama ruhusa ya kulala. Wakati huohuo sheria ya mipango ya 2004 inasema kwamba sera mbili zikigongana, ile ya waraka uliopitishwa mwisho ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo siku wilaya inapopitisha mpango wake mpya, sera ya parokia inaweza kufutika bila mtu yeyote kuigusa. Kuna pia suala la ardhi ya makazi. Wilaya isiyoweza kuonyesha ardhi ya kutosheleza ujenzi wa nyumba kwa miaka mitano hujikuta mizani ikiegemea upande wa kukubali maombi. Mpango wa parokia unaweza kuwa kinga dhidi ya hali hiyo, mradi wenyewe umeshughulikia idadi ya nyumba zinazohitajika katika eneo lake na haujapitisha umri uliowekwa. Umri huo ulikuwa miaka miwili hadi Desemba 2023, serikali ilipouongeza kuwa mitano. Mwaka mmoja baadaye serikali mpya, iliyoahidi nyumba milioni 1.5 katika kipindi cha bunge, ilipandisha malengo ya wilaya nyingi za vijijini, na kinga hiyo ikawa na thamani kuliko ilivyopata kuwa.

Sheria ya mwaka 2017 iliweka ngazi tatu za marekebisho. Yale madogo yasiyobadilisha maamuzi hufanywa na mamlaka ya mipango kwa ridhaa ya parokia. Yale mazito yasiyobadilisha asili ya mpango, kwa mfano kuongeza mwongozo wa usanifu juu ya sera ya usanifu iliyokwishakuwepo, hupitia kwa mkaguzi bila kura. Yanayobadilisha asili yake, kama kutenga maeneo mapya makubwa ya ujenzi, hurudi kwa wapiga kura. Mkaguzi ndiye anayeamua kama asili imebadilika au la, na naona ni busara, kwa kuwa baraza lililochoka lina kila sababu ya kujiaminisha kwamba badiliko lake ni dogo.

Kosa la kawaida la mapitio ni kuanza na dodoso. Kikundi hukusanyika, huchapisha maswali, huyasambaza nyumba kwa nyumba, na kupokea majibu yaleyale ya miaka kumi iliyopita: magari yanakimbia mno, vijana hawamudu nyumba, viwanja vya wazi viachwe. Yote ni kweli na yote yalikwisha kujulikana. Nionavyo, kazi ya kwanza ni ya karani: achukue kila ombi la ujenzi lililoamuliwa tangu mpango upitishwe, aandike sera ambayo baraza liliitaja katika maoni yake, sera ambayo ofisa wa wilaya aliitaja katika ripoti yake, uamuzi uliotolewa, na pale palipokatwa rufaa, maneno aliyoyatumia mkaguzi wa rufaa. Nyaraka hizi ziko wazi kwa umma.

Jedwali la namna hiyo husema mengi kwa muda mfupi. Sera isiyotajwa na yeyote kwa miaka mitano ni pambo, na inafaa kuondolewa. Sera inayotajwa kila mara lakini haizuii wala haibadilishi chochote ina neno lililolegea mahali fulani. Chukua sera inayodai “nyumba ndogo” bila kutaja idadi ya vyumba vya kulala wala ukubwa wa sakafu: mwendelezaji ataleta ramani yenye vyumba vitatu vya kulala na chumba cha nne kilichoandikwa “ofisi”, chenye dirisha na bafu kando yake, na ofisa hatakuwa na pa kusimamia. Dodoso haliwezi kufichua tundu kama hilo, maana mkazi wa kawaida hasomi ripoti za maofisa.

Hoja hii imepata uzito zaidi tangu Juni 2025, serikali ilipotangaza kwamba haitaendelea kufadhili msaada kwa vikundi vinavyoandaa mipango. Zamani parokia iliweza kuomba ruzuku ya msingi ya hadi pauni 10,000 na kumwajiri mshauri. Sasa itategemea akiba yake na muda wa watu wake, na jedwali la karani ni miongoni mwa kazi chache zisizohitaji mshauri.

Wapo watakaosema kwamba maamuzi yaliyopita hayawezi kueleza mahitaji mapya, na hilo nalikubali: paneli za jua mashambani au nyumba zinazogeuzwa za likizo huenda zisionekane kabisa katika jedwali la mpango ulioandikwa kabla hazijawa tatizo. Kwa mambo hayo wakazi waulizwe, lakini waulizwe maswali machache, baada ya baraza kujua sera zipi zimefanya kazi, na wakiwekewa mezani maamuzi halisi ya kijiji chao.